Kahawa ya Mbio za Asubuhi

Watu wanaoamka vizuri hawajui kwamba wamepewa kitu. Wanafumbua macho, wanakaa, wanaanza kuzungumza, halafu wanashangaa kwa nini sisi wengine tunawatazama vibaya. Mimi tangu nikiwa mdogo kule Mahurunga, mama alikuwa ananiita mara ya kwanza kwa jina, mara ya pili kwa ukali, mara ya tatu kwa maji. Nilikwenda shambani macho yakiwa nusu, na dada zangu walikuwa wakisema nikianguka kwenye majaruba ya mpunga nitaendelea kulala humo humo. Lakini jua likishaanza kushuka nilikuwa mtu mwingine kabisa. Kazi iliyonishinda asubuhi nzima niliimaliza nikiimba. Nyumbani waliita uvivu. Nilikubali, kwa sababu sikuwa na jina jingine la kuliita jambo lenyewe.

Aliyenipa jina jingine ni mwalimu wetu wa michezo, nilipokwenda kusoma sekondari Mtwara mjini. Nilikuwa nakaa kwa shangazi, dada yake baba, fundi cherehani aliyepanga vyumba viwili nyuma kidogo ya Shangani, mahali ambapo upepo wa bahari unafika lakini bahari yenyewe huioni. Mwalimu alikuwa mtu wa Bukoba. Alifundisha baiolojia darasani na riadha uwanjani, na alikuwa na tumbo la mtu aliyewahi kukimbia sana kisha akaacha siku moja. Alinitazama nikikimbia jioni kwa muda, akafurahi. Kisha akatuita uwanjani asubuhi ya Jumamosi, akanitazama tena, akaniuliza kama ninaumwa.

"Siumwi, mwalimu."

"Ulilala?"

"Nililala."

"Basi wewe ni mtu wa jioni," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya maabara.

Alitueleza kwamba mwili una saa yake ndani. Alfajiri joto la mwili linakuwa chini, linapanda taratibu mchana kutwa, na ikifika jioni misuli imelainika, ndiyo maana wakimbiaji wengi huwa wepesi zaidi jioni kuliko asubuhi. Kwa wengi tofauti ni ndogo. Kwangu, alisema, ni kana kwamba amesajili wasichana wawili wenye sura moja. Nilipata nafuu ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri. Kumbe miaka yote ile haukuwa uvivu. Nilipokwenda nyumbani nilimweleza mama jambo hilo kwa maneno yale yale ya mwalimu, naye akaniambia nikachote maji.

Siku hizi nafundisha shule ya msingi, na mazoezi ya mbio nayaweka jioni. Mkuu wa shule anadhani ni kwa ajili ya kukwepa jua. Sijaona haja ya kumsahihisha.

Katika timu yetu kulikuwa na msichana mmoja wa Mpapura, darasa moja nyuma yangu, aliyekuwa kinyume changu. Alikaa bwenini. Kwao ni watu wa korosho, na msimu ukifika watoto huamka kukiwa bado giza, wanaokota zilizodondoka kabla ya kwenda shule. Kwa hiyo asubuhi, mimi nikiwa bado natafuta raba zangu, yeye alikuwa ameshauzunguka uwanja, anacheka, anauliza kama kuna mihogo. Jioni alikuwa anapiga miayo huku akikimbia. Nimemwona kwa macho yangu. Sote wawili tulikimbia mita elfu moja na mia tano. Asubuhi alikuwa ananiacha, jioni namwacha, na haikuwahi kuwa vinginevyo. Tulipendana, kwa namna ambayo watu wawili wanaotaka kitu kimoja wanaweza kupendana. Tuligawana mihogo, tukafichana muda tuliokimbia.

Kitu chenyewe kilikuwa nafasi moja. Mwaka nilipokuwa kidato cha nne tuliambiwa mkoa utapeleka msichana mmoja tu kwa kila mbio kwenye mashindano ya kitaifa ya shule, kwa sababu basi lilikuwa moja. Wasichana wawili waliotutangulia walikwenda huko, wakaonekana, wakapata shule za kidato cha tano kwa sababu ya miguu yao. Mimi hisabati ilikuwa imeshanikataa, na fizikia ilikuwa njiani kunikataa. Mwenzangu alikuwa na akili za darasani, na alikuwa na mwaka mmoja zaidi. Bila mbio nilijua nitarudi Mahurunga kupalilia. Sina ugomvi na Mahurunga, ila nilikuwa nimeshapalilia vya kutosha. Nilitaka kwenda. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, mpaka nikawa siwezi kulisema hata kwa shangazi, nikihofia kwamba likitoka mdomoni litaharibika.

Kisha tukaambiwa mchujo wa mkoa utafanyika saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwenzangu alipiga kigelegele. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya maabara.

Mwalimu alinifuata huko. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alichuchumaa kwa shida, akatoa mfukoni kifurushi kidogo kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba, akakifungua. Ndani kulikuwa na punje za kahawa nyeusi, zimechemshwa pamoja na majani ya viungo vya kwao kisha zikaanikwa na maganda yake. Kwao Bukoba kahawa inatafunwa. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hajaulizwa shida iliyomleta, anawekewa punje chache kiganjani, na kuzikataa ni sawa na kukataa kiti. Mama yake alikuwa anamtumia vifurushi hivyo kwa basi, nchi yote hii mpaka kwetu kusini, na mwalimu alikuwa na punje shavuni hata anapofundisha mmeng'enyo wa chakula.

"Pokea kwa mikono miwili," aliniambia.

"Si dawa, mwalimu?" Tulikuwa tumesikia habari za wakimbiaji wakubwa walionyang'anywa medali.

"Ni kahawa, binti. Bibi yangu alitafuna mpaka anakufa, na hakuwahi kushinda mbio zozote."

Nikapokea. Zilikuwa chungu kwanza, halafu zikaacha harufu ya majani mdomoni. Alinieleza kwamba kahawa haitii nguvu ambayo mtu hana, inamwamsha tu aliyelala, na kwamba kwa mtu wa aina yangu inaweza kuisogeza asubuhi karibu na jioni. Tungejaribu, alisema, na saa ya kupimia ndiyo itakayosema.

Kahawa sisi tunaijua, lakini wanawake tunaijua kwa mbali. Ni ya wanaume, jioni, kwenye jamvi, pamoja na kashata na ubishi wa mpira. Mwanamke anapita, anasalimia, anaendelea na safari yake. Shangazi alipozikuta punje kwenye mfuko wa sketi yangu wakati wa kufua, alizimwaga mezani akazitazama kana kwamba ni meno ya mtu.

"Nnalishwa nini huko shuleni?" akauliza. Shangazi akikasirika lafudhi ya kwetu Mahurunga inamrudia yote, "mna" inakuwa "nna".

"Kahawa, shangazi. Ya kutafuna."

"Mwali atafune kahawa? Si uende ukakae jamvini na akina babu, nikutafutie na kofia?"

"Mwalimu anasema itanisaidia kukimbia asubuhi."

"Asubuhi?" Aliacha kufua. "Wewe?"

"Ndiyo, shangazi."

Alizikusanya punje zote kwenye kiganja, akanirudishia. "Basi tafuna," alisema. "Maana mimi kukuamsha nimeshindwa."

Ikafanya kazi. Nalisema hili bila ushabiki, kwa sababu kuna watu wanaoamini kahawa inafanya kila kitu na wengine wanaoamini haifanyi kitu. Nilikuwa natafuna punje chache na kipande cha muhogo wa kuchemsha, nakaa kidogo kwenye ngazi za darasa mpaka kichwa kinaanza kuwa chepesi, kisha naingia uwanjani nikiwa nimetimia. Haikunifanya bora kuliko nilivyokuwa jioni. Ilinifikisha karibu na pale, basi. Lakini karibu ilikuwa inatosha. Asubuhi moja tulifika mstarini bega kwa bega, na mwenzangu akanigeukia, kwa mara ya kwanza, bila kucheka.

Mwalimu hakuwa mtu wa upendeleo, akampa na yeye. Zikamtetemesha mikono, zikamvuruga tumbo, akakaa macho bwenini, na muda wake ukabaki ule ule. Mwalimu akasema huyu asubuhi yake imeshajaa, hana pa kuongezea, akaacha kumpa. Jioni na mimi hakunipa hata moja. Niliwahi kumuomba, kwa uroho tu, akanikatalia. "Jioni ya nini?" alisema. "Jioni unayo."

Katika likizo fupi nilikwenda Mahurunga, na kifurushi nikakisahau kwa shangazi. Siku iliyofuata kichwa kiliniuma vibaya, kizito, nyuma ya macho. Mama akasema ni malaria, akanipeleka zahanati, wakapima, hakuna kitu. Baba ndiye aliyejua. Alinikuta nimelala mkekani mchana kweupe, nimejifunika khanga usoni, akaniuliza shuleni siku hizi nakunywa nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango.

"Hiyo ndiyo Ramadhani yangu," akasema. "Siku za mwanzo watu wananionea huruma, wanadhani njaa. Si njaa, mwanangu. Ni kahawa."

Jioni ile alitoka jamvini mapema, jambo ambalo wenzake walilizungumza, akaja amebeba kikombe kile kidogo kisicho na mkono, amekifunika kwa kiganja. Alipita nacho mbele za watu, mtu mzima, amevaa kanzu yake, anampelekea binti kahawa. Nilikunywa nimekaa jikoni. Yeye alisimama mlangoni akitazama nje, kana kwamba amepita tu kuulizia chumvi. Kichwa kilipona kabla ya magharibi. Usingizi sikuupata mpaka karibu na alfajiri, lakini hilo sikumwambia. Baba na mimi hatukuwa na mazoea ya kufanyiana mambo ya namna hiyo, na nilifurahi kiasi cha kuona aibu.

"Hizo mbio zenyewe utashinda?" aliniuliza asubuhi ya kuondoka.

"Inshallah."

"Ukishinda watakusomesha?"

"Wanasema hivyo."

Akatikisa kichwa, akaninyanyulia begi.

Siku ya mchujo niliamka mwenyewe. Shangazi alikuwa ameshika kikombe cha maji tayari, akakirudisha mezani. Tulifika uwanja wa mjini umande ukiwa bado kwenye nyasi. Mistari ya chokaa ilikuwa mipya. Kulikuwa na turubai moja kubwa, viti vyeupe vya plastiki vimepangwa safu, na mbele yake sofa moja lenye vitambaa vya kufuma, na meza yenye maua na maji ya chupa. Sofa lile ndilo lililotumaliza. Lilikuwa la mgeni rasmi, na kwetu shughuli haianzi bila mgeni rasmi. Sijui kama kuna sheria iliyoandikwa popote. Hakuna aliyewahi kuiulizia. Waamuzi walikuwepo, wakimbiaji walikuwepo, jua lilikuwa bado chini, na kila mtu alikaa akilitazama sofa.

Kabla ya saa moja mwalimu alinipa punje zangu, chache kama kawaida, nikapokea kwa mikono miwili. Nikapasha mwili. Nilikuwa tayari kabisa. Nakumbuka niliiangalia miguu yangu nikaiamini, saa moja ya asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea maishani mwangu.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema mgeni rasmi yuko njiani.

Tukasubiri. Shule zikaimba. Kikundi cha ngonjera kikafanya mazoezi ya ngonjera yake pale pale mbele yetu, kwa hiyo tuliisikia yote kabla ya kuisikia. Jua likavuka paa la turubai. Mshereheshaji akarudi akasema mgeni rasmi ameshatoka nyumbani, wakimbiaji wajiandae, mbio zitaanza mara tu atakapokaa. Mwalimu akanijia mbio mbio.

"Ile ya kwanza imeshachoka," alisema. "Chukua nyingine."

Nikachukua. Nikapasha mwili tena. Mgeni rasmi hakuonekana. Baada ya hapo tukaambiwa ameingia ofisini mara moja. Halafu akawa na kikao kifupi. Halafu akawa njiani tena. Kila tangazo mwalimu alikuja na kifurushi chake, uso umemkakamaa, anahesabu kichwani kahawa inachukua muda gani kufika kwenye damu. Sikumkataa. Ungemkataaje? Alikuwa ananipa kile ambacho kwao anapewa mtu wa heshima, na alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Kila mara yeye na mimi tuliamini kwamba sasa ndiyo sasa. Akili zetu zote zilikuwa kwenye mbio za asubuhi, hatukuona kwamba asubuhi yenyewe imekwisha.

Mwenzangu yeye alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha ukuta, khanga usoni, amelala. Nilimwona nikamcheka kidogo moyoni. Nilijua kila dakika inayopita inamtoa kwenye saa zake na kunisogeza kwenye zangu. Mpaka kufika adhuhuri nilikuwa nimeshafanya hesabu hiyo, na nikaanza kumwombea mgeni rasmi kikao kirefu.

Wakati huo mwili ulikuwa umeanza kunigeuka. Tuliambiwa tusile kitu kizito kwa sababu anafika sasa hivi, na hata hivyo sikuwa na hamu. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nikiwa nimekaa. Nikinyoosha mkono, vidole vinacheza. Nilikwenda chooni, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mlinzi wa pale akaniuliza kama nimefiwa na tumbo. Wasichana wa shule nyingine walizungumza nami, na nilikuwa nawajibu haraka kabla hawajamaliza kuuliza. Sikujua kama ni hofu au ni kahawa. Nilidhani hofu, maana hofu nilikuwa naitegemea.

Mgeni rasmi aliwasili baada ya alasiri. Alishuka kwenye gari, akapigiwa makofi, akakaa kwenye sofa. Ngonjera ikasomwa. Akasimama akatuhutubia, na sehemu kubwa ya hotuba ilihusu nidhamu ya muda. Mwanamichezo asiyejali muda, alisema, hafiki popote. Tulimpigia makofi, mimi nikiwamo, mikono yangu ikipiga yenyewe kwa kasi isiyo na adabu. Kisha akapuliza kipenga cha ufunguzi, na mchujo wa asubuhi ukaanza jioni.

Tulipoitwa mstarini jua lilikuwa nyuma ya migongo yetu, limeshalainika, na upepo umeanza kutoka baharini. Niliitambua. Ilikuwa saa yangu, ile ile ya kila siku, ile niliyokuwa nayo tangu utotoni bila kupewa na mtu. Mwenzangu alisimama pembeni yangu akipiga miayo. Kila aliyetujua pale uwanjani alijua nani atashinda. Mwalimu alijua, nilimwona usoni. Ila mimi nilisimama pale nikiwa sipatani na mwili wangu. Moyo ulikuwa umeshakimbia mbio nzima ukiwa kwenye kiti, na mbio zenyewe zilikuwa hazijaanza.

Nilitoka kwa kasi ya kijinga. Sikuamua, miguu iliondoka tu, na mzunguko wa kwanza niliwaacha wote mbali, watu wakashangilia. Mwalimu alikuwa anapunga mikono kuniambia nipunguze. Nilimwona, nikataka kupunguza, nikashindwa. Mzunguko wa pili tumbo likajikunja. Wa tatu nikaanza kusikia nyayo nyuma yangu, na nilizijua, nilikuwa nimezisikia asubuhi nyingi. Hakuwa na kasi. Alikuwa anakimbia kizito, jioni yake ya kawaida, ile ambayo siku yoyote nyingine ningemwacha nikiwa naongea. Alinipita kwenye kona ya mwisho. Nilimwona akinitazama kwa pembeni, akishangaa, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta haukufungwa.

Nikamaliza wa pili. Nikatapika kwenye nyasi, maji meusi yenye harufu ya majani ya Bukoba. Mwenzangu alinishika mgongo. Nilimwambia aniache, kwa ukali, akaniacha.

Mwalimu alikuja akachuchumaa pembeni yangu, kwa shida kama siku ile nyuma ya maabara. Hakusema habari za mgeni rasmi, ingawa mimi nilikuwa tayari kuzisema mpaka asubuhi.

"Nilikuwa nakuandaa," alisema. "Kila waliposema anakuja, nilikuwa nakuandaa."

"Najua, mwalimu."

"Ningekuacha tu ukalala."

Nilikuwa na hasira naye, na mgeni rasmi, na mshereheshaji, na msichana wa Mpapura ambaye hakukosa lolote zaidi ya kulala kivulini. Hasira iliyobaki nilimpelekea shangazi, ambaye alinisikiliza akinishonea zipu, kisha akaniwekea wali na samaki, sahani imejaa, na kukaa pembeni mpaka nimemaliza. Baba nilimpigia simu nikamwambia nimekuwa wa pili. Aliuliza kama wa pili naye anasomeshwa. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, halafu akasema sawa tena.

Basi liliondoka wiki iliyofuata. Sikwenda kuliaga.

Siku chache baadaye nilikuwa kwa shangazi, nimekaa kwenye benchi lake nje ya mlango, nashona vifungo vya shati la mteja. Simu ya shangazi ikalia. Akapokea, akaitikia marahaba, akanipa bila kusema ni nani.

"Dada," msichana wa Mpapura akasema. "Nimeingia fainali. Asubuhi nimeongoza kundi letu."

"Hongera." Nilimaanisha, na iliniuma, vyote viwili kwa pamoja.

"Fainali ni kesho jioni. Huku mbio zote kubwa wanazikimbiza jioni, dada. Saa kumi na moja." Nikasikia anapumua. "Wewe jioni unafanyaje?"

Hakuwa ananitania. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia, na nilijua amezunguka kutafuta salio na kutafuta ujasiri kabla ya kupiga. Nikafikiri. Nilitafuta kwa dhati, nikataka kumpa kitu, namna ya kupumua, kitu cha kula, jambo lolote ninalolifanya ambalo yeye halifanyi.

"Sifanyi kitu," nikamwambia. "Inakuja yenyewe."

"Kwangu haiji."

"Najua."

Nikamwambia alale mchana, asiguse kahawa, asianze kwa kasi kama nilivyoanza mimi. Akasema sawa dada, akashukuru, simu ikakatika. Nilimrudishia shangazi simu yake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Jua lilikuwa limelainika mgongoni, kifua kimefunguka, miguu yangu yote miwili imeamka, mizima, haidai kitu, na nilikaa nayo pale kwenye benchi na shati la watu mapajani, sina pa kuipeleka.